Raba ya mlango ina historia ndefu kuliko gari lenyewe

Gari la zamani linapouzwa, watu hukagua injini, gia, matairi na rangi. Ni wachache wanaofungua mlango na kupitisha kidole kwenye ule mpira unaozunguka fremu. Mafundi wetu wanauita raba ya mlango. Kazi yake ni kuzuia vumbi, mvua, upepo na kelele za barabarani. Ukiwa mzima hakuna anayeukumbuka. Ukichoka kila abiria anajua, hasa yule wa kiti cha nyuma anayeshuka na nyusi nyekundu baada ya kilomita hamsini za barabara ya vumbi.

Leo nataka tuuzungumzie mpira huo. Najua kuna watakaosema huyu naye kaishiwa habari, siasa zote hizi yeye anaandika raba! Subirini kidogo. Nimejaribu kufuatilia kitu hiki kilikotoka, na safari imenipitisha msitu wa Amazon, Kongo ya Leopold, bonde la Kilombero, kambi ya mateso ya Wanazi na kiwanda kilichofungwa Arusha. Sidhani kama kuna kipande kingine cha gari, cha bei ndogo namna hiyo, chenye historia ya namna hiyo.

Tuanze mwanzo. Wenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini walitumia utomvu wa miti ya mpira kwa karne nyingi kabla Mzungu hajatia nanga kwao. Walitengeneza mipira ya kuchezea na viatu, wakapaka nguo ili zisipitishe maji. Wazungu walipoupata walikwama kwenye jambo moja, nalo ni hali ya hewa. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mkemia wa Scotland, alipata hataza ya kitambaa chenye utando wa mpira katikati. Makoti ya kitambaa hicho yalizuia mvua kweli, lakini siku za joto yalinata na kunuka, na siku za baridi yalikakamaa kama ubao. Raba ya mlango ya mpira wa aina hiyo isingefika wiki mbili Dar es Salaam. Mchana ingegandamana na mlango.

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapikwa kwenye moto mkali haunati tena kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Salfa hufunga nyuzi ndogondogo za mpira zikashikamana, kwa hiyo ukiubana unabonyea na ukiuachia unarudi ulivyokuwa. Kumbukeni hilo la kubonyea na kurudi, maana ndilo siri yote ya raba ya mlango. Mlango ukifungwa unaibana, ukifunguliwa inarudi. Siku itakapokataa kurudi, imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, na kule Uingereza Thomas Hancock alimuwahi. Goodyear alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni yanayokadiriwa kufika dola 200,000. Ile kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, miaka 38 baada ya yeye kuzikwa, na haikuwa yake wala ya ukoo wake. Mvumbuzi alibaki na jina, wengine wakabaki na pesa.

Mpaka hapo dunia ilikuwa na mpira mzuri lakini haikuwa na haja nao sana. Haja ilikuja mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mwanawe. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli, kisha yakafuata magari. Ghafla kila mtu alitaka mpira, na mpira wakati huo ulikuwa unatoka porini: Amazon, na misitu ya Afrika.

Hapa ndipo habari inapoingia damu.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amejipatia Kongo mwaka 1885 kama shamba lake binafsi. Si koloni la Ubelgiji, ni mali yake. Hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Msitu wa Kongo ulikuwa umejaa mtambaa uitwao Landolphia, ambao ukikatwa hutoa utomvu wa mpira. Kijiji kilipangiwa kiasi cha kuleta. Ili wanaume wakubali kuingia msituni wiki kadhaa, askari waliwakamata wake zao na kuwaweka rehani mpaka mpira ufike. Aliyepunguza alichapwa kiboko cha ngozi ya kiboko. Kijiji kilichogoma kilipigwa risasi, na kwa kuwa maofisa hawakutaka askari wachezee risasi kwa kuwinda, askari walidaiwa mkono wa maiti kwa kila risasi iliyotumika. Pale ambapo risasi ilikuwa imekwenda kwa swala, mkono ulikatwa kwa aliye hai.

Mauzo ya mpira wa Kongo yalipanda kutoka tani 100 hivi mwaka 1890 hadi tani 6,000 hivi mwaka 1901. Wanahistoria hawakubaliani ni watu wangapi walipotea kwa risasi, njaa, maradhi na watoto kutozaliwa. Wapo wanaokadiria kwamba idadi ya watu ilipungua kwa milioni 10, wapo wanaoona idadi hiyo haina msingi wa kutosha kwa kuwa hakukuwa na sensa. Hakuna anayebisha kwamba ilikuwa balaa.

Kwa sisi waandishi wa habari kuna somo kwenye namna siri ile ilivyofichuka. E. D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Kiingereza iliyokuwa ikisafirisha mizigo ya Kongo. Hakufika Kongo. Alikaa na vitabu vya hesabu, akatazama meli bandarini Antwerp. Akaona meli zinarudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zinapoondoka kwenda Kongo hazibebi nguo wala shanga za kununulia mali hiyo. Zinabeba bunduki, risasi na askari. Akajiuliza: kama watu hawa hawalipwi, mpira unapatikanaje? Jibu lilikuwa moja tu. Aliacha kazi akaanzisha gazeti. Mwaka 1904 ikatoka ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliyesafiri mtoni na kuandika maneno ya wahanga wenyewe. Mwaka huo huo mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyeketi kibarazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyobaki. Picha ile ilizunguka Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Haya mengi tulisoma sekondari, ingawa kwenye daftari langu ilikuwa nusu mstari tu: "Sababu za ukoloni, namba mbili, kutafuta malighafi." Malighafi! Neno hilo limetufichia mengi. Ukishaandika malighafi huoni tena mwanamke aliyefungwa kwenye ghala akisubiri mumewe atoke porini.

Na kwetu je? Wengi tunajua mkonge, pamba, kahawa. Mpira hatuutaji kabisa, wakati neno lenyewe liko mdomoni mwetu kila Jumamosi jioni. Kwa Kiswahili mpira ni mmea, ni utomvu wake, ni kitu kinachotengenezwa kwa utomvu huo, na ni ule mchezo wa Simba na Yanga. Mtambaa wa mpira wa pwani yetu wataalamu wa mimea wanauita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar miaka ya Sultani Barghash. Wakati wa Kirk mpira wa pori ulianza kuwa bidhaa kubwa ya pwani hii, na miaka ya mwanzo ya Wajerumani mpira na pembe za ndovu vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoongoza kutoka bara kwenda bandarini.

Ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kusini. Bonde la Kilombero, nchi ya Donde huko Liwale, na misitu ya jirani. Watu walikata mitambaa, wakagandisha utomvu, wakauviringa kuwa madonge na kuwauzia wafanyabiashara wa pwani. Kwanza ilikuwa biashara yao wenyewe, na ilikuwa na faida. Serikali ya Kijerumani ilipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, mpira ukawa moja ya njia za kupata rupia za kodi. Kisha serikali ikaanza kubana: nani anunue, wapi, kwa masharti gani. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 vilianza na pamba, hilo linajulikana. Lakini itazameni ramani. Nchi iliyolazimishwa kulima pamba ni ile ile ambayo jana yake ilikuwa na kipato chake cha mpira wa porini. Mtu anayenyang'anywa biashara yake na kukabidhiwa jembe la mwenzake ana hasira ya aina yake.

Baadaye walowezi wakaingia kwenye mashamba ya mpira, Muheza, Tanga na Morogoro, wakipanda aina nyingine ya mti kutoka Brazil uitwao Manihot. Mwaka 1910 bei ya dunia ilipaa. Mwaka 1913 ikaporomoka, na mashamba yakaachwa yaote magugu.

Kilichoyaua kilikuwa kimeanza zamani. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham aliondoka Brazil na mbegu zipatazo 70,000 za mti wa Hevea, ulio bora kuliko yote kwa mpira, akazipeleka bustani ya Kew, London. Zilizoota ni chache, elfu mbili na ushei. Miche ikapelekwa Ceylon na Malaya, na huko ikakubali kuliko ilivyokuwa kwao. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini, lakini kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umeushinda ule wa pori. Amazon ikafilisika. Mpira wa pori wa Afrika ukafa na hadithi zake.

Sasa turudi kwenye mlango wa gari, maana mmeshaanza kuniuliza yuko wapi.

Magari ya mwanzo hayakuwa na haja ya raba ya mlango kwa sababu nyingine hayakuwa hata na milango. Yalikuwa mikokoteni yenye injini. Mwaka 1919 magari tisa kati ya kumi yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya wazi, juu turubai. Mvua ikinyesha unalowa, ndiyo maana madereva wa wakati ule walivaa makoti marefu na miwani ya vumbi. Mabadiliko yalikuja mwaka 1922, kampuni ya Hudson ilipotoa gari la Essex lililofunikwa kabisa kwa bei iliyokaribiana na lile la wazi. Katika miaka isiyofika kumi hesabu ikageuka, gari lililofungwa likawa ndilo la kawaida.

Kulifunga gari kukaleta tatizo jipya. Fremu za milango zilikuwa za mbao, mbao zinacheza, na kati ya mlango na fremu pana uwazi. Mafundi wakajaza uwazi huo kwa kamba iliyovishwa kitambaa, au kipande cha mpira kilichovishwa kitambaa. Kilizuia upepo kidogo na kupendezesha macho. Bodi za chuma tupu zilipoenea miaka ya 1930, vipimo vikawa vya uhakika zaidi, na raba ya kweli ikapata mahali pa kukaa. Baadaye wakaja wenye viyoyozi, Packard wakitangulia na magari yao ya mwaka 1940. Hapo raba haikuwa tena ya kuzuia mvua tu. Baridi uliyoinunua ingetorokea mlangoni.

Wapo waliozidisha. Volkswagen yetu ile ya mgongo wa kobe ilisifika kwa kubana hewa kiasi kwamba ilibidi ushushe kioo kidogo ndipo mlango ufunge vizuri. Gari hilo hilo lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, kwenye barabara za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Upande wa pili walikuwepo Land Rover. Walilitambulisha gari lao Amsterdam mwezi Aprili 1948, bodi ya alumini kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, milango mifupi, juu turubai. Mabwana shauri walizunguka nalo, polisi wakazunguka nalo, baada ya Uhuru wakuu wa wilaya wetu wakaendelea nalo. Sifa zake ni nyingi, lakini kuzuia maji haimo. Na kwa gari la namna ile raba mbovu ina madhara zaidi ya kulowesha suruali. Alumini na chuma vikigusana penye maji vinaliana polepole. Land Rover nyingi za zamani unazoona zimetoboka miguuni zilianzia kwenye raba.

Nimerukia mbele. Katikati kulikuwa na vita, na vita vilibadilisha kabisa mpira wenyewe.

Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia. Kwa miezi michache Washirika walipoteza karibu asilimia 90 ya mpira wao wa asili. Fikirieni jeshi la kisasa bila matairi. Serikali ya Kiingereza ikakumbuka yale mashamba ya Wajerumani yaliyokuwa yameota magugu Tanganyika, ikayafufua, na wa kugema wakapatikana kwa amri. Vijana walichukuliwa vijijini kwa nguvu ya sheria za vita na kupelekwa mashambani. Historia yetu ya vita vile inataja askari wa KAR waliokwenda Burma. Wagema mpira hawana mnara.

Ujerumani, ambayo haikuwa na koloni wala meli za kupita, ilikuwa imejifunza kutengeneza mpira viwandani, ukiitwa Buna. Ili kuongeza uzalishaji, kampuni ya IG Farben ilianza kujenga kiwanda kikubwa kando ya kambi ya Auschwitz, mahali paitwapo Monowitz. Wajenzi walikuwa wafungwa, wengi wao Wayahudi. Walikufa kwa maelfu. Kiwanda kile hakikutoa hata kilo moja ya mpira wa Buna mpaka vita vinakwisha. Marekani nao walijenga viwanda vyao kwa haraka ya kutisha, na kabla ya vita kwisha walikuwa wakitoa zaidi ya tani 700,000 za mpira wa viwandani kwa mwaka.

Vita vikaisha, ujuzi ukabaki, ukaja hadi mlangoni mwa gari. Mpira wa asili una adui anayeitwa ozoni, hewa iliyomo angani kwa kiasi kidogo sana. Ozoni hukata nyuzi za mpira pale ulipovutwa au kukunjwa. Ndiyo maana raba za magari ya zamani hupasuka kwanza kwenye kona, mipasuko midogomidogo kama ya kisigino kisichopakwa mafuta. Jua na joto humalizia kazi. Mpira wa neoprini, uliogunduliwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930, ulivumilia zaidi. Kisha Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia wakagundua njia mpya za kuunganisha gesi za mafuta ya petroli kuwa minyororo mirefu, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kutokana na njia hizo, miaka hiyo ya 1960 ukaingia sokoni mpira uitwao EPDM. Ule mnyororo wake mkuu hauna pale dhaifu ambapo ozoni hupashambulia. Raba ya mlango wa gari la kisasa, iwe Corolla au Land Cruiser, karibu kila mara ni EPDM.

Ukiikata uone ndani utakuta sehemu mbili. Upande mmoja mpira mgumu wenye utepe wa chuma ndani, umekunjwa kama herufi U, ndio unaobana ukingo wa bati. Upande wa pili bomba laini la sponji, tupu katikati, ndilo linalobonyea mlango ukifungwa. Chuma kishike, sponji izibe.

EPDM hudumu lakini haiishi milele. Magari mengi tunayoyaita mapya hapa yameshamaliza miaka kumi Japani kabla hayajapanda meli. Kwa hiyo wenye magari, sikilizeni haya machache niliyojifunza kwa mafundi na kwa kusoma.

Kwanza hakikisha tatizo ni raba. Weka karatasi kati ya mlango na fremu, funga, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, hapo raba haibani. Rudia kuzunguka mlango mzima. Au mtu akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji nje kwa mpira wa bustani, kuanzia chini kupanda juu. Ukianzia juu maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Kagua bawaba pia. Mlango uliolegea bawaba hauponi kwa raba mpya.

Pili, ng'oa ya zamani yote, na gundi yake yote. Mafuta ya taa kidogo na kitambaa yatasaidia, kisha osha kwa sabuni na uache pakauke. Ukikuta kutu kwenye ukingo wa bati piga msasa na upake rangi kwanza. Wengi wanaruka hatua hii. Raba mpya juu ya kutu ni shuka safi juu ya godoro lenye kunguni. Kwenye Land Rover za zamani raba nyingine zimeshikwa kwa ribiti, hizo zitobolewe na kupigwa mpya.

Tatu, usiivute wakati wa kuvisha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Raba ikivutwa inaonekana imekaa vizuri siku ile, baada ya wiki inajirudi na kuacha pengo. Isukume ndani kwa mkono, kona uzipe mpira wa kutosha, na maungio yake yawe chini, si juu ambako maji yanaanzia. Siku za kwanza mlango utakuwa mgumu kufunga. Usiubamize. Raba itazoea.

Na wale wanaojaza tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa kwa gundi, siwacheki, kwa sababu gari la shamba ni gari la shamba. Ila tyubu haina ile sponji ya kubonyea na kurudi, kwa hiyo mlango ama utakataa kufunga ama utaacha nafasi. Ni bora raba ya gari lililochinjwa ikiwa bado laini. Ibonyeze kwa kidole, uhesabu mpaka tatu, uachie. Ikirudi, lipa.

Kuhusu vumbi, kuna jambo linashangaza wengi. Gari linapokwenda kasi, hewa inayopita nje hupunguza msukumo ndani, na vumbi linanyonywa kupitia kila tundu, hasa nyuma. Kufunga kila kitu hakusaidii kama raba zimechoka. Kuwasha feni iingize hewa ya mbele kunasaidia zaidi, maana inajaza gari na kusukuma vumbi litoke.

Sasa nimalizie na lile linaloniuma zaidi. Nchi hii iliwahi kujaribu kuumiliki mpira wake kuanzia mti hadi tairi. Arusha kilijengwa kiwanda cha General Tyre, serikali ikiwa na hisa nyingi zaidi, kikaanza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ili kukilisha, ikapandwa Hevea kwenye mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, bonde la Kilombero. Angalieni majina hayo. Muheza ndiko walikokuwa walowezi wa Kijerumani, na Kilombero ndiko babu zetu walikokata mtambaa wa porini. Mti ulirudi kule kule, safari hii ukiwa wetu. Kiwanda kikaja kusimama miaka ya 2000. Mashamba yakabaki chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na miti ikaendelea kutoa utomvu, lakini kiwanda cha kuupokea ndiyo hivyo tena. Malighafi! Neno lile la daftari langu la sekondari.

Sitaki kusema kwamba kila anayenunua raba alie. Nunueni raba, magari yanalowa. Ninachosema ni kwamba Wakongo wana Casement, Morel na ile picha ya Nsala, angalau dunia inajua. Wagema wetu wa 1942 hawakupata mtu wa kuwaandika kwa wingi namna hiyo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule, leo kama yuko hai amevuka 100. Wenyewe tumeshawapoteza karibu wote. Waliobaki ni watoto wao, nao ni wazee, wanaokumbuka baba akisimulia namna alivyochukuliwa kwenda kwenye mpira.

Kama nyumbani kwenu Muheza, Morogoro, Ifakara au Liwale yuko mzee mwenye simulizi hiyo, mwulize likizo hii. Mrekodi hata kwa simu. Kisha niambie, nauli ya kumfuata nitaitafuta.